Mtambo Unatripu Bila Sababu, au Hautripu Kabisa: Kutafuta Hitilafu Katika Vidhibiti vya Usalama

Simu inayomwamsha fundi usiku katika viwanda vya Mtwara na Lindi mara nyingi huwa na maneno yaleyale: mtambo umetripu, yaani umesimamishwa na ulinzi wake wenyewe, taa nyekundu inawaka kwenye paneli, na msimamizi wa zamu anataka kujua utawashwa saa ngapi. Haraka hiyo huzaa makosa makubwa kuliko hitilafu yenyewe, kwa sababu njia fupi ya kuwasha mtambo ni kukinyamazisha kidhibiti cha usalama, na kidhibiti kilichonyamazishwa hakitoi dalili nyingine mpaka siku ya ajali. Mwongozo huu unafuata dalili, kuanzia zile zinazopiga kelele hadi zile zisizosikika kabisa, na umeandikwa kwa ajili ya fundi anayefahamu PLC za kawaida, yaani kompyuta ndogo za kuendeshea mitambo, lakini amekabidhiwa PLC ya usalama bila kuelezwa tofauti iliyopo kati yake na zile alizozizoea.

Tofauti yenyewe ni hii. PLC ya kawaida imetengenezwa ili kazi iendelee, ilhali kidhibiti cha usalama kimetengenezwa ili, kikiharibika au kikiwa na shaka, kiangukie upande wa kuusimamisha mtambo. Uimara wa kila kazi ya ulinzi hupimwa kwa viwango vinne vinavyoitwa SIL, kuanzia SIL 1 hadi SIL 4, vilivyowekwa na kanuni ya kimataifa IEC 61508 na, kwa mitambo ya gesi, mafuta na kemikali, IEC 61511. Kwa kazi inayohitajika mara chache, yaani isiyozidi mara moja kwa mwaka, SIL 1 inamaanisha kwamba ulinzi unaruhusiwa kushindwa kati ya mara 1 katika 10 na mara 1 katika 100 unapohitajika. SIL 2 ni kati ya 1 katika 100 na 1 katika 1,000. Na SIL 3 ni kati ya 1 katika 1,000 na 1 katika 10,000. Ni vizuri kuziweka namba hizi akilini, kwa sababu baadhi ya hitilafu zitakazoelezwa hapa hazisimamishi chochote. Zinashusha tu kiwango kimyakimya.

Kabla ya kugusa programu

Shika vitu vitatu mkononi kabla ya kufungua kompyuta. Cha kwanza ni waraka wa mahitaji ya usalama, ule unaoeleza kila kazi ya ulinzi inalinda nini, inatripu kwa thamani ipi, ndani ya sekunde ngapi, na kwa SIL ipi. Cha pili ni kumbukumbu ya matukio iliyomo ndani ya kidhibiti, ambayo unapaswa kuinakili kabla ya kuriseti chochote, kwa kuwa baadhi ya vidhibiti hufuta mpangilio wa matukio ya awali yakija mapya. Cha tatu ni saini ya programu, yaani ile namba ambayo kidhibiti hukokotoa kutokana na programu iliyomo ndani yake. Iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa. Fundi anayeanza bila saini hawezi baadaye kuthibitisha kwamba ameiacha programu kama alivyoikuta.

Boila inatripu kwa maji kupungua, na kioo kinaonyesha maji yamejaa

Dalili hii naieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kosa ambalo programu ya usalama inaweza kubeba. Nilikutana nayo wakati wa mvua katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho, ambako boila ya kuchemshia korosho kwa mvuke ilikuwa ikitripu kila alfajiri. Mzee aliyekuwa akiihudumia, baada ya kuipokea shikamoo yangu, alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye kioo cha kuonyesha maji. “Mwanangu,” alisema, “maji hayo hapo tele, lakini mashine inasema hamna.” Fundi aliyenitangulia alikuwa ameongeza muda wa kusubiri ndani ya programu kutoka sekunde 2 hadi sekunde 20, na boila bado ilitripu.

Boila hiyo ilikuwa na transmita mbili za kina cha maji, kila moja ikituma mkondo wa miliampia 4 hadi 20 (4 maji yakiwa chini kabisa, 20 yakiwa yamejaa), na kidhibiti kilikuwa kinatripu iwapo moja kati ya mbili itasema maji yamepungua. Maneno ya mzee yalikuwa ndiyo ufunguo: hitilafu ilitokea maji yakiwa mengi, maana kila alfajiri alikuwa akiijaza boila hadi juu kabla ya kuwasha moto. Transmita ya waya mbili hula umeme wake kutoka kwenye waya uleule unaobeba kipimo. Chanzo kilikuwa cha volti 24, transmita ilihitaji angalau volti 12 ili ifanye kazi, na kipinga cha omu 250 kwenye ingizo la kidhibiti hula volti 5 mkondo ukiwa miliampia 20. Zinabaki volti 7 za kugawana na waya na terminali. Tulipofungua sanduku la viunganisho tulikuta terminali moja imeota kutu ya kijani kutokana na unyevu wa chumvi, na upinzani wake ulikuwa takribani omu 400. Maji yakiwa nusu, mkondo ukiwa miliampia 12, kutu hiyo ilikula volti 4.8 tu na kila kitu kilikwenda sawa. Maji yalipojaa na mkondo kukaribia 20, ilikula volti 8, transmita ikabaki na volti 11, ikazimika, na mkondo ukaanguka karibu na sifuri. Programu, ambayo ilikuwa imeandikwa kulinganisha namba moja tu, ilisoma mkondo huo kama boila tupu.

Kosa la programu lipo hapo. Mkondo wa sifuri hauelezi kiasi cha maji. Unaeleza kwamba kipimo hakipo. Desturi iliyozoeleka, iliyotokana na pendekezo NE 43 la NAMUR, umoja wa watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, hugawa mkondo katika maeneo: kati ya miliampia 3.8 na 20.5 ni kipimo cha kweli, na chini ya 3.6 au kuanzia 21 kwenda juu ni tangazo la hitilafu. Programu nzuri husoma maeneo hayo kabla ya kulinganisha thamani, kisha huamua kwa mujibu wa waraka hitilafu ifanyiwe nini. Katika mpangilio wa moja kati ya mbili, hitilafu ya transmita moja kwa kawaida huhesabiwa kuwa kura ya kutripu, kwa hiyo boila yetu ingesimama vilevile. Lakini ujumbe kwenye skrini ungesema “transmita ya pili imeharibika” badala ya “maji kidogo”, na kutu ile ingepatikana siku ya kwanza badala ya wiki ya pili.

Sasa tazama lile ongezeko la muda wa kusubiri. Waraka wa boila hiyo ulitoa sekunde 30 tangu maji yafike kwenye alama ya kutripu hadi mirija ya moto ianze kukaa wazi, na ulitaka ulinzi uwe umemaliza kazi ndani ya nusu ya muda huo, yaani sekunde 15. Jumlisha: transmita sekunde 0.5, kusubiri sekunde 20, mizunguko miwili ya programu sekunde 0.2, rilei na kusimama kwa feni sekunde 1. Jumla ni sekunde 21.7. Zaidi ya hayo, boila hiyo ilichoma maganda ya korosho, ambayo huendelea kuwaka na kuchemsha maji hata baada ya feni na kilishio kusimamishwa, kwa hiyo kila sekunde iliyoongezwa ilikuwa na uzito kuliko ingekuwa kwenye boila ya gesi. Yule fundi hakuwa mzembe. Alibadilisha namba aliyoweza kuiona kwenye skrini, na hakuna aliyemwonyesha waraka. Hata hivyo, ulinzi uliokuwa ukitimiza masharti uliacha kuyatimiza kwa kubofya mara tatu.

Kabla ya kuondoka kwenye transmita, angalia pia hitilafu iliyo kinyume na hii, ambayo ni mbaya zaidi. Maji au umande unaoziba pengo kati ya terminali ya chanya na ya hasi hautengenezi upinzani wa kuzuia mkondo bali njia ya pembeni ya kuupitisha. Uvujaji wa omu 10,000 chini ya volti 20 huongeza miliampia 2, ambazo ni asilimia 12.5 ya eneo lote la kipimo. Maji yanapungua, kidhibiti kinaona bado yapo, na mkondo uko ndani ya 3.8 na 20.5, kwa hiyo hakuna tangazo lolote la hitilafu. Kinachoifichua hali hii ni kulinganisha transmita mbili: andika ndani ya programu kwamba zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia fulani kwa muda fulani, kengele ilie. Katika mwambao wetu, ambako mvua za Desemba hadi Aprili huja pamoja na hewa ya chumvi, mlinganisho huo ni miongoni mwa mistari yenye thamani kubwa katika programu nzima. Halafu kagua mipira ya kuzibia pale kebo inapoingia kwenye sanduku. Kebo inapaswa kuingia kwa chini na kulegea kidogo ili maji yadondoke kabla hayajafika kwenye mlango wake.

Kidhibiti kinalalamika kwamba chaneli mbili hazikubaliani

Dalili hii hutokea kwenye vitufe vya dharura, milango ya mashine na kamba za kuvuta kandokando ya mikanda ya kusafirishia mizigo. Kila kimoja kina miguso miwili ya umeme, kila mguso na waya wake, yaani chaneli mbili. Mguso mmoja umefunguka, wa pili bado, na kidhibiti kimegoma. Ikiwa mlango ni mzito na hufungwa polepole, muda unaoruhusiwa wa kutofautiana unaweza kweli kuwa mfupi mno, na kuuongeza kutoka milisekunde 50 hadi 200 si dhambi mradi waraka unaruhusu. Ikiwa malalamiko yalianza baada ya miaka ya utulivu, usiguse muda. Mguso mmoja umechakaa au swichi imehama mahali pake. Ikiwa huja mvua inaponyesha, shuku kebo: waya za chaneli mbili zimegusana kupitia unyevu, na mapigo ya majaribio ya chaneli ya kwanza (mikato mifupi ya umeme ambayo kidhibiti hutuma ili kukagua waya) yanaonekana kwenye ya pili.

Kuna jambo moja ambalo kila fundi anayerithi paneli alitafute siku ya kwanza, nalo ni kipande kifupi cha waya kinachounganisha ingizo la chaneli ya kwanza na la pili. Aliyekiweka alitaka kidhibiti kinyamaze, na kweli kilinyamaza, kwa sababu sasa chaneli zote mbili zinasoma mguso mmoja na haziwezi kamwe kutofautiana. Pale kidhibiti kinapokuwa kimepangwa kutuma mapigo ya majaribio, kipande hicho hugunduliwa; pale mapigo yalipozimwa, hakuna kitakachosema. Jaribio lake ni rahisi: mashine ikiwa imesimama, chomoa waya wa chaneli moja peke yake. Kidhibiti kisipolalamika, ulinzi wa chaneli mbili umebaki kwenye michoro tu.

Rilei inatetemeka au taa inapepesa

Matokeo ya kidhibiti cha usalama hukatwa kwa makusudi kwa muda mfupi sana, aghalabu chini ya milisekunde moja, ili kidhibiti kijue kwamba kikitakiwa kukata kitaweza. Rilei nyepesi au taa ya LED inaweza kuuona mkato huo. Tafuta rilei iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Usiyazime mapigo hayo ili kuondoa mtetemo, kwani hesabu ya SIL ya moduli ile inategemea kwamba majaribio yanaendelea, na kitabu cha usalama cha mtengenezaji hueleza kiwango kinashuka hadi wapi yakizimwa.

Moduli za mbali zinajizima na kudai kuthibitishwa

Mawasiliano ya usalama hubeba namba ya mfuatano, anwani, msimbo wa kukagua makosa na muda wa mwisho wa kungojea jibu. Jibu likichelewa, moduli huangukia kwenye hali salama na kubaki hapo mpaka mtu athibitishe. Chunguza kwanza ni nini kingine kilichounganishwa kwenye swichi ileile ya mtandao. Kamera za ulinzi zilizoongezwa baadaye ni mtuhumiwa wa kawaida. Chunguza pia anwani mbili zinazofanana baada ya moduli kubadilishwa.

Hapa kuna kishawishi cha kuandika mstari mmoja wa programu unaojithibitisha wenyewe kila hitilafu inapoondoka, ili mtu asilazimike kutembea usiku hadi kwenye paneli. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi, mstari huo unamaanisha kwamba mkanda au feni inaweza kuanza kuzunguka wakati fundi ameingiza mkono ndani. Uthibitisho ufanywe na mtu, kwa kitufe kilichowekwa mahali anapoiona mashine, na programu ikubali kitufe kinapobonyezwa na kuachiwa, si kinapokuwa kimebonyezwa tu. Vinginevyo kitufe kilichokwama, au kilichogandishwa kwa utepe, kitakuwa kinariseti milele.

Saini haifanani na ile ya waraka

Sababu ya kawaida ni kwamba kompyuta mbili zina matoleo mawili ya programu, na mtu alipakia lile la zamani. Usilipakie “lile sahihi” papo hapo. Chukua kwanza nakala ya kilichomo ndani ya kidhibiti, linganisha mstari kwa mstari, na ueleze kila tofauti. Wakati mwingine toleo lisilo na waraka ndilo lenye marekebisho ya kweli ambayo mtu hakuyaandika. Baada ya kupakia, kazi za ulinzi zilizoguswa zijaribiwe upya kuanzia kwenye sensa hadi kwenye valvu, na kadiri SIL inavyopanda ndivyo anayekagua anavyotakiwa kuwa mbali zaidi na aliyeandika: mtu mwingine, idara nyingine, au hata taasisi nyingine.

Ikiwa hakuna anayekiri kubadilisha, lichukulie jambo hilo kwa uzito wote. Mwaka 2017, kirusi kilichokuja kuitwa Triton kiliingia kwenye vidhibiti vya usalama vya Triconex katika mtambo wa petrokemikali nchini Saudi Arabia. Swichi ya ufunguo kwenye vidhibiti hivyo ilikuwa imeachwa kwenye nafasi ya kupakia programu. Mtambo ulitripu kwa sababu vichakataji ndani ya kidhibiti vilipokaguana vilikuta kasoro, na kutripu huko ndiko kulikoifichua kazi ya wavamizi. Ufunguo urudishwe kwenye nafasi ya kuendesha na utolewe, na atakayeukuta umeachwa aandike kwenye daftari la zamu.

Unafanya jaribio na mtambo hautripu

Tafuta kwanza baipasi iliyosahauliwa, yaani njia ya kuiweka kando sensa kwa muda, na thamani iliyolazimishwa, yaani namba iliyoandikwa kwa mkono mahali pa kipimo cha kweli. Baipasi ya matengenezo ni halali, lakini programu inapaswa kuiwekea mipaka: iruhusu transmita moja tu ya kundi kwa wakati mmoja, iwashe taa na kengele, na ihesabu muda, mathalani saa 8 za zamu moja, kisha ipige kengele upya. Pili, tazama kama programu ya kawaida inaandika ndani ya programu ya usalama. Nimeona alama ya kutripu ikibadilishwa kutoka kwenye skrini ya mwendeshaji kama vile ni kiwango cha joto cha kawaida; thamani hiyo inapaswa kuwa ndani ya programu ya usalama, au ikiwa lazima itoke nje, ikaguliwe mipaka yake kabla ya kutumika.

Tatu, angalia mwelekeo wa mantiki. Valvu ya kukata gesi hufungwa na springi umeme unapoondoka, kwa hiyo waya uliokatika husimamisha mtambo. Ving'ora na mifumo ya kuzima moto, kinyume chake, huhitaji umeme ili vifanye kazi, na waya wake ukikatika hakuna kinachotokea mpaka siku ya moto. Saketi hizo lazima zikaguliwe na kidhibiti muda wote, pamoja na betri zake.

Hakuna dalili yoyote, lakini kiwango hakipo

Hitilafu ya mwisho haionekani kwenye paneli. Kiwanda kimenunua kidhibiti chenye cheti cha SIL 3, na watu wote wanaamini kwamba ulinzi wao ni SIL 3. Cheti ni cha sanduku lile peke yake, ilhali kiwango ni cha mnyororo mzima. Chukua sensa yenye wastani wa kushindwa wa 0.004, yaani mara 4 katika 1,000 inapohitajika, kidhibiti cha 0.0001 na valvu ya 0.008. Jumla ni 0.0121, ambayo ni SIL 1, na hata ungenunua kidhibiti kilicho bora mara kumi, jumla ingebaki juu ya 0.012.

Muda kati ya majaribio una nguvu ileile. Kwa kifaa kimoja kisicho na mwenzake, wastani wa kushindwa ni takribani idadi ya hitilafu za hatari zisizogundulika kwa saa, mara muda wa jaribio, gawa kwa mbili. Valvu yenye hitilafu 1 ya namna hiyo kwa kila saa 1,000,000, ikijaribiwa kila mwaka, yaani kila saa 8,760, hupata 0.0044. Ikijaribiwa kila miaka miwili hupata 0.0088, na bado imo ndani ya SIL 2. Jaribio likisogezwa hadi mwaka wa tatu, kwa sababu ya uzalishaji au kukosa vipuri, inakuwa 0.013, na ulinzi umeshuka hadi SIL 1 bila mtu kugusa mstari wowote wa programu.

Kwa hiyo, unapomaliza kutafuta hitilafu kwenye kidhibiti, fungua daftari la majaribio utafute mara ya mwisho valvu ilipofungwa yote, si solenoidi, ile koili ya umeme inayoiamuru valvu, kusikika ikilia tu. Valvu iliyokaa wazi kwa miezi mingi karibu na bahari huganda kwenye shina lake, na solenoidi italia vizuri kabisa huku valvu ikiwa haijasogea hata milimita moja. Simama pembeni yake na saa ya kuhesabia sekunde, mwombe mwenzako chumbani atripu kutoka kwenye sensa yenyewe, hesabu tangu amri hadi mshale wa valvu ufike kwenye alama ya kufungwa, kisha andika sekunde hizo karibu na zile za mwaka uliopita. Ikiwa mwaka jana zilikuwa 4 na mwaka huu ni 7, agiza vipuri leo.